Namna ya kuishawishi kaunti yako itenge pesa za Ukimwi

Kama wataka kaunti yako ilipe kina mama washauri, au mafuta ya pikipiki inayobeba damu ya kupimwa wingi wa virusi, au mtu wa kuwafuata manyumbani waliokatiza dawa, usingoje Juni bajeti inaposomwa. Juni pesa zishapata wenyewe. Anza Agosti, na uanze na karatasi.

Nayaandika haya kwa vikundi vyetu vya watu wanaoishi na virusi hapa Pwani, ila sheria ya bajeti ni moja katika kaunti zote 47 za Kenya, kwa hivyo aliye Homa Bay au Turkana yatamfaa vilevile. Mimi ni mama mshauri. Kazi yangu ni kukaa na mama mjamzito aliyetoka kupimwa sasa hivi na kuambiwa ana virusi, nimweleze kwamba na mimi nilikalia kiti kile kile, kisha niwe naye mpaka mtoto apate kipimo cha miezi 18. Kwa miaka mingi posho yetu ilitoka Marekani, kwenye PEPFAR, mpango wake wa kupambana na Ukimwi ulioanza 2003. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla ya wiki kwisha mashirika yakaandikiwa yasitishe kazi. Dawa zilikuwa kabatini, muuguzi yupo. Aliyekosekana ni mtu wa kumpigia simu mama aliyepitisha siku yake ya kliniki, na wa kwenda kumbishia hodi asiposhika simu. Kazi hiyo haikuwa na mstari hata mmoja kwenye bajeti ya kaunti. Ndiyo sababu iliweza kukatwa kwa barua moja kutoka Washington.

Tangu hapo nimekuwa nikihudhuria vikao vya bajeti na kuwafunza wenzangu kuvihudhuria. Haya ndiyo ninayowaambia.

Jua nani hulipa nini

Katiba ya 2010 iliigawa afya mara mbili. Hospitali kuu za rufaa za taifa na sera za afya zilibaki Nairobi. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulansi na wahudumu wake ni vya gavana. Dawa za ARV na vipimo vya HIV hununuliwa kwa pamoja, na serikali kuu, Global Fund (mfuko wa dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria) na Marekani, kisha husambazwa nchini. Ghala la serikali ni KEMSA. Kwa hivyo ukisimama mbele ya kamati ya kaunti ukalalamika kwamba mwezi huu umepewa dawa za wiki mbili badala ya miezi mitatu, watakujibu kwamba jambo hilo si lao. Na ni kweli si lao. Dakika zako mbili zimekwenda.

Lalamiko la dawa lipeleke kwa mbunge wako, kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa na kwa Wizara ya Afya. Na usiende kama mtu wa kwanza kudai. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na wakati ule dawa zilikuwepo duniani ila bei yake ilikuwa ya matajiri. Ni watu wanaoishi na virusi, madaktari na mawakili walioshikilia mpaka sheria ya mali ya viwandani ya 2001 ikaruhusu dawa za bei nafuu ziletwe nchini. Ilipotungwa sheria ya bidhaa ghushi mwaka 2008, iliyoandikwa kwa namna ambayo dawa halali za bei nafuu zingeweza kuhesabiwa ghushi, watu 3 wanaoishi na virusi walikwenda kortini, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba haki yao ya kuishi na ya afya ilikuwa hatarini. Mapema 2021 shehena ya ARV za msaada ilikwama papa hapa bandarini Mombasa, serikali mbili zikivutana juu ya ushuru na juu ya nani azisambaze. Watu wakatoka barabarani, na suala likafika juu. Hakuna kidonge tunachomeza ambacho hakikupitia siasa.

Lakini siasa ya dawa na siasa ya kaunti zina milango tofauti. Kwa kaunti omba vitu vya kaunti: watu, posho, usafiri wa sampuli, chumba chenye faragha, friji ya maabara, mafuta ya jenereta, simu ya kituo yenye salio. Hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu amalize mwaka bila kukatiza dawa.

Pana mtego mmoja hapa. Kanuni za fedha za umma zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshapita. Ukisema "tuajirieni", mtu wa hazina atatikisa kichwa kabla hujamaliza, na atakuwa na kanuni ya kujifichia. Sema posho, au mkataba wa mwaka mmoja, au omba kazi yenu iunganishwe na ile ya wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wana mfumo wa malipo: shilingi 2,500 kwa mwezi kutoka kaunti na 2,500 kutoka serikali kuu. Mimi naona 5,000 ni kidogo mno kwa kazi ya kutwa nzima, na nalisema hilo waziwazi kila kikao. Lakini mfumo uliopo ni rahisi kuuongezea kuliko kuanzisha mpya.

Kalenda

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, ila maamuzi yake huanza karibu mwaka mzima kabla. Ifikapo 1 Septemba kaunti lazima ipeleke bungeni kwake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao maofisa huuita ADP. Huu ndio unaotaja kazi zitakazofanywa kuanzia Julai ijayo. Jambo lisilotajwa humo halina pa kushikilia baadaye. Ukilileta Aprili utaambiwa halikupangwa. Ndiyo maana nasema Agosti.

Ifikapo 28 Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, CFSP. Watu wetu huudharau kwa sababu hautaji zahanati wala barabara ya mtu, ila kwangu mimi huu ndio mwezi mzito kuliko yote. Ndani yake kila idara hupewa kikomo. Idara ya afya ikishapewa kikomo chake, kila mtu ndani ya afya anamnyang'anya mwenziwe: mkitaka pesa za kina mama washauri, zitatoka kwenye dawa za malaria au kwenye paa la zahanati. Kabla ya kikomo, mngeweza kuzitoa kwenye magari ya idara nyingine.

Ifikapo 30 Aprili makadirio yenyewe ya bajeti hufika kwenye bunge la kaunti. Mei na Juni kamati ya bajeti huita wananchi, na ndivyo vikao ambavyo wengi huvijua. Nendeni, lakini mkienda kwa mara ya kwanza Juni mtakuwa mnaomba makombo. Ifikapo 30 Juni bajeti hupitishwa.

Matangazo ya vikao hutoka gazetini na kwenye tovuti ya kaunti, mara nyingi kwa Kiingereza, na mara nyingi siku chache kabla. Usitegemee hayo. Chukua nambari ya msimamizi wa wadi na umuulize kila mwanzo wa Agosti, Februari na Mei. Sikiliza redio za hapa kwetu. Mwambie na mzee wa mtaa. Katika kila kikundi muwekeni mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, na asiwe mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti ana mengi.

Kuusoma mswada wa bajeti

Kitabu cha bajeti ni kinene na kimeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Usikisome chote. Kiombe kwa karani wa bunge la kaunti au kwenye ofisi ya hazina ya kaunti. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kisha ingia moja kwa moja sehemu ya afya.

Humo utakuta programu tatu au nne. Moja ni ya utawala, na kwa kawaida mishahara yote imelazwa hapo. Moja ni ya tiba, yaani hospitali. Moja ni ya kinga na afya ya jamii. Ukimwi hukaa kwenye kinga, pamoja na kifua kikuu, malaria, chanjo na vyoo. Tafuta mahali panapotajwa HIV, uweke kidole hapo. Utaona safu za jedwali: kazi yenyewe, kipimo cha mafanikio, walipo sasa, wanapotaka kufika. Halafu nenda kwenye jedwali la pesa la programu hiyo hiyo, lenye matumizi ya kawaida upande mmoja na maendeleo upande wa pili, utafute shilingi zinazolingana na maneno yale.

Hapa ndipo pa kukaa. Lete kalamu ya rangi. Unaweza kukuta lengo limeandikwa vizuri kabisa, kwamba wajawazito wote wapimwe na wanaopatikana na virusi waanze dawa, lakini ukitafuta pesa zake huzioni, au unaziona kwenye safu ya misaada ya wafadhili peke yake. Maana yake ni kwamba kaunti imejiandikia sifa ya kazi inayolipwa na mwingine, na mwingine akiondoka kazi inakufa huku lengo likibaki kitabuni. Zungushia duara. Andika nambari ya ukurasa. Tengeneza nakala ya ukurasa huo mmoja. Ukurasa huo, kikaoni, una nguvu kuliko hotuba yoyote, kwa sababu wameuandika wao.

Ukiwa hapo hapo, tazama pia mistari ya safari, makongamano, ukarimu na "gharama nyingine za uendeshaji". Linganisha mwaka huu na uliopita. Iliyopanda sana iandike pembeni. Utaihitaji.

Karatasi moja

Ombi lenu liwe ukurasa mmoja. Kamati hupokea maombi mengi kwa siku moja, na la kurasa nane halisomwi. Liwe na vitu vinne: shida, kiasi, hesabu yake, na pesa zitoke wapi.

Shida iandikwe kwa mistari michache, bila kulia. Kwa kina mama washauri mimi hutumia jambo hili: bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa, mama akimeza dawa sawasawa, hushuka chini ya 5. Kinachosimama kati ya hesabu hizo mbili ni mama asiyekatiza dawa miezi yote ya mimba na ya kunyonyesha, na mama huyo mara nyingi ana mume asiyejua, mkwe anayechungulia mkoba, na nauli ya kuokoteza. Mwakilishi wadi wa chama chochote analielewa hilo.

Kiasi kitokane na hesabu mnayoweza kuifanya ubaoni mbele ya watu. Tuseme kaunti ndogo yenu ina vituo 12 vyenye kliniki ya akina mama. Kina mama washauri wawili kila kituo ni 24. Kila mmoja posho ya 10,000 kwa mwezi ni 240,000. Mara miezi 12 ni 2,880,000. Ongezeni salio la simu na nauli za kuwafuata watu manyumbani, mkionyesha mlivyolipata kila moja. Msikuze. Mtu wa hazina akikamata tarakimu moja ya uongo, ukurasa wote umeanguka. Vituo vihesabuni wenyewe, kwa majina, na orodha muiambatishe nyuma.

Pesa zitoke wapi: hapa ndipo vikundi vingi huishia njiani. Husema "serikali itafute". Nyinyi tafuteni. Ile mistari ya safari na makongamano mliyoiandika pembeni, hii ndiyo kazi yake sasa. Andikeni: "Twapendekeza shilingi 2,880,000 zitolewe kwenye mstari fulani, ukurasa fulani, ulioongezwa mwaka huu." Mwakilishi wadi anayetaka kuwasaidia sasa ana hoja kamili ya kusimama nayo. Asiyetaka atalazimika kueleza mbele ya watu kwa nini safari zina haja zaidi.

Tengenezeni nakala tano. Moja ya mwenyekiti wa kamati, moja ya karani, moja ya afisa mkuu wa afya, moja ya mwakilishi wadi wenu, na moja ibaki kwenu ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ni lazima. Ombi lisilo na muhuri kesho halijulikani.

Siku ya kikao

Kabla ya lolote: huna haja ya kutangaza hali yako ili uonekane una haki ya kuzungumza. Wewe ni mkazi, mlipa ushuru, mzazi. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza mtu kutoa hali yako bila ridhaa yako, na kuna Mahakama Maalumu ya HIV na Ukimwi iliyoundwa kwa sheria hiyo hiyo ya kusikiliza mashtaka ya aina hii. Lakini sheria haizuii macho. Mlangoni kuna daftari la mahudhurio: jina, nambari ya simu, kitambulisho, na safu ya "unawakilisha nani". Ukiandika jina la kikundi chenu, na jina lenyewe linasema ni cha wanaoishi na virusi, umejitangaza kwa kila atakayetia sahihi chini yako, na kitabu hicho huzunguka. Andika "mkazi wa wadi". Anayetaka kusema wazi aseme, na nawaheshimu sana wanaosema, mimi ni mmoja wao. Lakini iwe ni kwa kupenda kwake, na aliamue nyumbani, si pale maikrofoni ikishamfikia.

Fikeni mapema mkae mbele. Gawaneni kazi: mmoja aseme shida, mmoja hesabu, mmoja aandike majibu ya maofisa neno kwa neno. Msirudie jambo moja watu sita. Mwenyekiti atawakata na wengine watawachoka. Na msivae fulana za shirika lolote, maana mkishaonekana ni watu wa mfadhili, mtaambiwa mkamwombe mfadhili.

Hotuba fupi yatosha. Namna hii:

"Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo wazee na kina mama. Mheshimiwa mwenyekiti, naitwa fulani, mkazi wa wadi hii. Nimesoma makadirio ya bajeti, sehemu ya afya, programu ya kinga. Kwenye ukurasa huu mmeandika kwamba kila mama mjamzito mwenye virusi ataanza dawa na mtoto wake atafuatiliwa. Twashukuru kwa lengo hilo. Lakini kwenye jedwali la pesa lengo hilo halina shilingi ya kaunti. Twaomba 2,880,000, za posho ya kina mama washauri 24 katika vituo 12, mwaka mzima. Hesabu iko kwenye karatasi hii, na tumeonyesha mstari ambao zaweza kutoka. Naomba karatasi ipokelewe, na ombi letu liandikwe kwenye ripoti ya kikao hiki. Ahsanteni."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Kamati hutakiwa kuyazingatia maoni ya umma, na jambo likishaandikwa kwenye ripoti yake, lina pa kushikilia baadaye.

Jiandae kwa majibu mawili. La kwanza ni "hili ni la wafadhili". Jibu lake ni tulivu: pesa za Marekani zilisimamishwa Januari 2025 bila kuaga, na mkataba wa afya ambao Kenya na Marekani zilitia sahihi Desemba 2025, wa miaka 5 na wa hadi dola bilioni 1.6 upande wa Marekani, unaitaka Kenya yenyewe iongeze matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. La pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini na wakati mwingine kutoka viti vya nyuma, ni kwamba watu hawa wamejitakia. Usiligombanie. Ukianza kujitetea, kikao kitageuka kuwa cha tabia za watu badala ya pesa. Mimi husema: "Mtoto anayezaliwa kesho hajajitakia lolote, na ndiye ninayemwombea." Kisha narudi kwenye karatasi.

Milango ya pembeni

Kikao cha hadhara si mlango pekee, na nadhani si mlango mkubwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inaitaka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi, linaloongozwa na gavana, ambamo huketi wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na taasisi za dini. Watu wanaoishi na virusi hawakutajwa. Lakini mwakilishi wa wanawake ni mama wa mtaani kwenu au wa mtaa wa pili, na mwakilishi wa dini ni imamu au mchungaji anayejulikana. Muulizeni karani ni nani na nani. Nendeni nyumbani kwao, kwa heshima zote, na ile karatasi moja. Sheikh mmoja akiuliza swali ndani ya jukwaa lile, hupata jibu ambalo sisi watu ishirini nje hatulipati.

Mwakilishi wadi mfuateni akiwa peke yake, si msibani wala harusini ambako kila mtu anamvuta kanzu. Mwambieni vituo vilivyo ndani ya wadi yake, kwa majina. Na kwa mahitaji madogo, msiende hata kwa kaunti: sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya inaviruhusu vituo vya umma vibaki na pesa vinavyokusanya na kuvipangia bajeti. Salio la simu la kuwapigia waliokosa kliniki, pazia la kutenganisha chumba, haya huamuliwa na usimamizi wa kituo na kamati yake, na kwenye kamati hiyo mna wakazi kama nyinyi. Nafasi ikitokea, mtieni mtu wenu.

Hili la pazia nalisema kwa uchungu. Kliniki zetu nyingi za CCC, yaani za wanaoishi na virusi peke yao, zilipokosa watu, wagonjwa walichanganywa na foleni ya kawaida. Kuunganisha huduma ni jambo jema likipangwa, huondoa ule mlango ambao kila anayeuingia anajulikana. Lakini kwenye kituo kimoja nilikokwenda, muuguzi aliyekuwa peke yake na foleni ya watu wa homa na majeraha aliita "wa ARV waje upande huu" mbele ya benchi nzima. Vijana wawili walisimama, wakatoka nje, wakaenda zao. Mkiombea huduma iliyounganishwa, ombeni na chumba, na mtu, na mafunzo ya mtu huyo. Viwekwe kwenye hesabu kama vitu vinavyolipiwa.

Bajeti ikishapita

Mkifanikiwa kuandikwa, kazi haijafika nusu. Shilingi zilizopitishwa Juni zaweza kulala mpaka Mei.

Julai, ombeni kitabu cha bajeti kilichoidhinishwa mkautazame mstari wenu kwa macho yenu. Oktoba, robo ya kwanza ikishakwisha, mwandikieni afisa mkuu wa afya barua ya kuuliza kiasi kilichotumika kwenye mstari huo. Itajeni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa siku 21 za kujibu. Jambo likihusu uhai wa mtu ni saa 48. Asipojibu, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ofisi ya Ombudsman, na hayalipiwi. Msimamizi wa Bajeti naye hutoa ripoti za matumizi ya kila kaunti kila robo mwaka, zinapatikana mtandaoni, na humo mtaona idara ya afya ilipewa nini na ikatumia nini.

Macho yenu yawe hasa kwenye bajeti ya ziada. Hii huletwa katikati ya mwaka, mara nyingi kwa haraka, pesa zinapopungua au mtu anapotaka kitu kipya. Kinga ndiyo huchinjwa kwanza, kwa sababu hakuna jengo la kuonyesha lililosimama nusu. Mwombeni karani awajulishe kila bajeti ya ziada inapowasilishwa, na mwombeni kwa barua, yenye muhuri. Ikija, chukueni ile ile karatasi moja, badilisheni tarehe, ongezeni mstari mmoja juu: pesa hizi zilipitishwa Juni, ukurasa fulani, na mpaka leo zimetumika kiasi hiki. Kisha rudini kwenye kamati.